Turubai Lililofunika Mtutu

Silaha ina waimbaji wake, na mnara wa mashujaa huwekewa ngao, mkuki na shada la maua. Kitambaa kilichoifunika silaha hiyo kwenye mvua na tope hakina wimbo wala mnara. Nimezunguka Bukoba na Muleba nikikitafuta, na mara nyingi nimekikuta kingali kazini: kimefunika gunia la kahawa, kimetandikwa chini ya mikungu ya ndizi, kimekatwa viraka vya hema la msibani. Ninaandika kukisifu, na kuwasifu watu wanaojua kukitambua na kukitunza, kwa sababu naamini kuna kurasa za historia ya mkoa wetu wa Kagera zilizoshonwa ndani yake ambazo bado hatujazisoma.

Tuanze na mvua, maana ndiyo iliyouzaa ufundi huu. Bukoba iko kando ya Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko takribani mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya mji kwa mwaka hukaribia milimita 2,000. Dodoma hupata kama 600 tu. Huku kwetu nguo ikifuliwa Jumatatu huweza kufika Jumatano ikiwa bado na unyevu, na panga lililosahaulika shambani usiku mmoja huamka na wekundu wa kutu. Sasa fikiria bunduki. Ina sehemu tatu zenye woga: mdomo wa mtutu unaomeza maji, bolti inayokwama kwa mchanga, na kitako cha mti kinachovimba kwa unyevu. Mbele ya adui, bunduki iliyokwama ni fimbo. Baina ya askari na aibu hiyo kulikuwa na kipande cha kanvasi, nacho kilifanya kazi ambayo jani la mgomba hufanya juu ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, jikoni kwetu: mgeni hasifu jani, lakini mpishi anajua kwamba bila jani hakuna chakula.

Kanvasi ya kijeshi imepita katika mkoa huu kwa vizazi kadhaa. Keya, yaani King's African Rifles, walianzishwa rasmi mwaka 1902. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Bukoba ilikuwa mji wa Wajerumani wenye boma na mitambo ya simu ya upepo iliyowaunganisha na wenzao. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu. Walitua tarehe 22, wakapigana kwenye vilima na mabwawa yanayouzunguka mji, na tarehe 23 wakauchukua. Waliiharibu mitambo ile, mji ukaporwa, kisha wakapanda meli zao wakarudi walikotoka. Shambulio hilo limeandikwa katika vitabu, na mwindaji mashuhuri Frederick Selous alikuwamo akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Lakini mzinga wa milimani haukushuka melini na kupanda kilima wenyewe. Ulifunguliwa vipandevipande, ukafunikwa, ukabebwa. Katika vita vile vya Afrika Mashariki mzigo mwingi ulikuwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, wale ambao kikosi chao kimeacha jina la Kariakoo Dar es Salaam na Nairobi. Kabla mpagazi hajakigusa chuma, mkono wake uligusa kanvasi.

Katika Vita Kuu ya Pili vijana wa Tanganyika, na wa kwetu wakiwamo, walivaa tena sare ya Keya. Wengine walifika Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika ya huko, ambayo ni makali kuliko ya kwetu. Katika misitu ile pamba huoza ikiwa bado mgongoni mwa mtu. Waingereza walikuwa na kanvasi iliyopitishwa kwenye dawa yenye shaba. Dawa hiyo huziziba nyuzi, huzuia ukungu, na huacha rangi ya kijani isiyofanana na kijani cha rangi ya kawaida. Ukikishika kipande chake leo unashika jibu la watu waliopambana na kuoza kabla hawajapambana na adui.

Kisha ikaja vita tunayoikumbuka wenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka na kuikalia ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya mto Kagera. Mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Ilikuwa majira ya vuli. Wakimbizi walishuka kusini na mifugo waliyoweza kuiokoa, na malori ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) yakapanda kaskazini kwenye barabara za udongo, tope likifika kwenye ekseli. Mizinga na mitambo ya makombora husafiri chini ya turubai, na kila inaposimamishwa kupiga, jambo la kwanza ni mikono kufungua kamba zilizolowa. Kampala ilichukuliwa tarehe 11 Aprili 1979. Askari wetu wengi walioanguka wamelala Kaboya, wilayani Muleba, na mwaka 2013 maadhimisho ya Siku ya Mashujaa yalifanyika hapo Kaboya. Chuma cha vita ile kimehifadhiwa, kimeyeyushwa au kimeuzwa kwa kilo. Makaburi yanafagiliwa. Kitambaa kilitawanyika, kikaingia majumbani, nacho ndicho kinachoisha haraka kuliko vyote.

Hapa ndipo ufundi unapoanza. Mtu akiletewa kipande cha kanvasi kilichokunjwa na kusahaulika, atajuaje kwamba ni kifuniko cha bunduki na si mfuko wa mahema? Atajuaje kilitoka jeshi gani?

Fundi mzuri huanza kwa futi ya cherehani. Umbo halidanganyi. Bunduki fupi ya Kiingereza ya Lee-Enfield, iliyobebwa na Keya wengi, ina urefu wa sentimita 113 hivi. Mauser ndefu ya askari wa miguu wa Kijerumani ni kama 125. SKS iko karibu na 102. Na AK yenye kitako cha mti haifiki 90. Kifuniko hukatwa kikiwa na nafasi ya ziada kidogo, kwa hiyo kipimo chake kinakuonyesha bunduki hata kama bunduki yenyewe imekwisha kutoweka. Tazama pia palipopanuliwa. Uvimbe upande wa kulia ni nafasi ya mkono wa bolti, na uvimbe wa chini ni wa magazini. Kipande kifupi chenye vifungo vya kubana na kamba za kufungia, kisichofunika zaidi ya sehemu ya bolti, kilikuwa cha bunduki za Kiingereza: askari aliutembeza mtutu wazi lakini akaulinda moyo wa bunduki dhidi ya vumbi.

Baada ya umbo, kitambaa. Kiinue kwenye mwanga wa dirisha uone mtande na mshindio. Kanvasi ya kijeshi ya zamani mara nyingi ni pamba iliyofumwa kwa nguvu, nyuzi mbili za mtande zikienda pamoja chini na juu ya mshindio. Kitani huwa na mng'ao na vinundu visivyo sawa. Kazi iliyofumwa India wakati wa Vita Kuu ya Pili, nayo ilitumika sana Afrika Mashariki, kwa kawaida ni laini na legevu kuliko ya Uingereza. Ukiwa na shaka kama kuna naironi au poliesta, chomoa uzi mmoja uliokwisha kulegea kwenye pindo, usikate, kisha uchome mbali na kipande chenyewe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Naironi na poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Kifuniko kinachodaiwa kuwa cha mwaka 1942 huku kimeshonwa kote kwa uzi wa poliesta kimejitoa chenyewe. Ikiwa poliesta iko kwenye mshono mmoja tu, usikitupe: pengine mke wa askari alikishona akiwa nyumbani, na mshono huo una thamani yake.

Kisha vyuma. Shaba nyeupe, bizimu nzito na ncha za mikanda zilizokunjwa vizuri ni desturi ya Uingereza na makoloni yake. Kazi ya Kisovieti hutumia zaidi chuma kilichopakwa rangi, na kanvasi yake ni nzito na kavu mkononi. Kazi ya Kichina ya miaka ya 1960 na 1970 hutambulika kwa vishikizo vya mti vinavyopita kwenye vitanzi, vipande vidogo vya ngozi kwenye pembe, na mihuri ya wino yenye herufi za Kichina ndani ya kifuniko. Hizi za mwisho zinatuhusu sana, kwa maana jeshi letu lilijengwa kwa sehemu kubwa kwa silaha za China na za Urusi ya Kisovieti.

Mihuri ndiyo inayowapumbaza wengi. Mshale mpana wenye mistari mitatu ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Mshale huo ukiwa ndani ya herufi U ni wa Afrika Kusini, na ukiwa ndani ya herufi C ni wa Kanada. Kando yake huwepo mwaka na herufi za kiwanda, M.E.Co., kwa mfano, ni Mills Equipment Company ya London. Lakini muhuri ndio kitu rahisi kuliko vyote kughushi. Wino wa zamani umezama ndani ya uzi na kufifia pale kitambaa kinapokunjika. Wino mpya hukaa juu, mweusi kila mahali, hata kwenye kunyanzi ambalo lilipaswa kuusugua kwa miaka 70. Chukua pia tochi ya zambarau wanayotumia madukani kukagulia noti, zima taa, umulike. Uzi mpya uliopitishwa kwenye dawa za kung'arisha hutoa mwanga wa buluu, na dawa hizo zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili. Tahadhari moja: sabuni za unga za leo zina dawa hizohizo, kwa hiyo kifuniko halisi kilichofuliwa na mjukuu nacho kitang'aa.

Mwisho wa yote, tazama uchakavu. Bunduki huchakaza kifuniko chake mahali maalumu: mdomoni, kwenye pembe ya kitako, chini ya mkanda wa begani, na pale bolti inaposugua. Ukikuta mafuta meusi yaliyokauka kwenye eneo la bolti na kwingine ni safi, umekuta ushahidi wa matumizi. Tabaka juu ya tabaka za rangi ya kijani zilizoziba vitundu vya ufumaji ni kazi ya askari aliyekuwa akijiandaa kwa gwaride la ukaguzi, asubuhi baada ya asubuhi. Namba iliyoandikwa kwa mkono chini ya ulimi wa kifuniko ni mtu.

Nimejifunza mengi ya haya kwa kukaa karibu na mafundi wa turubai, wale wanaoshona matandiko ya malori na mahema huko Bukoba na kando ya barabara ya Muleba. Mmoja wao, mzee ambaye wateja wote humwita kwa heshima waitu, ana mkono ninaouheshimu kama wa daktari wa upasuaji. Hupaka uzi nta ya nyuki, hushika shazia, huchoma tundu pasipo kukata uzi wa kitambaa, na mshono wake hauvuji. Siku alipopewa kanvasi ya zamani ya kijeshi irekebishwe, alikaa nayo muda mrefu mikononi kabla ya kutoboa tundu lolote. Kisha akatumia uzi wa pamba mwembamba kuliko kawaida yake, akapita kwenye matundu yaleyale ya fundi wa kwanza, akaweka kipande cha kuunga mkono upande wa ndani bila kukata kingo zilizochanika. Aliyekuwa na uwezo wa kukigeuza kuwa kipya alichagua kukiacha kibaki mzee. Alieleza kwamba uzi mnene ungekuwa na nguvu kuliko kitambaa, na siku ya kuvutwa kingekatika kisichopaswa kukatika: kitambaa chenyewe. Tena alitaka atakayekuja baada yake aweze kuutoa ule uzi bila kuumiza kitu.

Kwangu hapo ndipo ukubwa wa ufundi huu ulipo. Ushonaji mwingine wote hutafuta sifa kwa kuonekana. Utunzaji wa kanvasi ya kale unataka fundi ajifiche, autii mkono wa mtu aliyekufa zamani, na amwachie nafasi mtu ambaye hajazaliwa. Ujuzi wa kushona upo. Kinachotafutwa ni ujuzi wa kuacha.

Kwa hiyo kanuni za utunzaji karibu zote huanza na neno la kukataza. Usifue. Maji ya sabuni huondoa rangi ya askari, hutawanya wino wa muhuri na kuifanya pamba inywee. Vumbi litolewe kwa brashi laini, kwa kufuata mtande, na yule anayepiga brashi ukungu afanyie nje akiwa amefunga barakoa, maana ukungu huenda mapafuni. Avae na glavu, kwa sababu dawa za zamani za kuzuia kuoza bado zimo. Usianike juani kwa kudhani jua linatibu. Jua huua ukungu lakini huzivunja nyuzi pia. Kivuli chenye upepo kinatosha. Usipake nta mpya wala mafuta ya taa ili kirudie kuzuia maji. Kimekwisha kufanya kazi hiyo, hatukipeleki tena mvuani.

Usisugue shaba hadi ing'ae, kwani dawa ya kung'arisha huingia kitambaani na kukila. Kutu ya kijani iliyolegea iondolewe kwa kijiti, kisha kipande cha marekani iliyofuliwa bila sabuni ya harufu kiwekwe kati ya bizimu na kanvasi ili chuma kisigusane na pamba. Usikunje; kila kunjo ni mahali pa kukatikia kesho. Nenda duka la vitambaa uombe lile bomba la karatasi ngumu linalobaki jora likiisha, livike marekani, ukizungushie kifuniko, kisha ukifunike tena kwa marekani. Usitie kwenye mfuko wa plastiki kwa kuhifadhi: kwa unyevu wa Bukoba kitatoka jasho humo na kuota ukungu. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu ukungu hupata maisha, na kando ya ziwa huzidi mara kwa mara, kwa hiyo rafu iwe mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu, nayo ikaguliwe kila mwezi.

Plastiki ina siku yake moja. Wadudu wakionekana, kifuniko hufungwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa na kulazwa kwenye friza kali, nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa wiki mbili. Kikitoka, mfuko usifunguliwe hadi siku nzima ipite na joto lirudi, ili jasho la baridi litue nje ya mfuko badala ya kwenye kitambaa. Ni dawa isiyo na sumu, na friza za samaki hatuzikosi.

Liko katazo lingine lenye uzito wa sheria. Kifuniko kisihifadhiwe pamoja na bunduki. Kiufundi, kanvasi hushika unyevu na kuuhamishia kwenye chuma; hata askari waliitumia safarini na kuivua ghalani. Kisheria, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kukaa na silaha bila leseni, iwe mpya au ya babu. Mwaka 2023 JWTZ pia liliwataka raia wenye mavazi ya kijeshi wayasalimishe. Mwenye kipande kilichoachwa na marehemu baba yake asikifiche wala kukiuza gizani. Aende kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya mtaa, aulize, na aombe kiende makumbusho badala ya jalalani. Utunzaji unaoogopa mwanga si utunzaji.

Wapo watakaosema kwamba kuhifadhi kitambaa cha bunduki ni kuitukuza vita. Nawaheshimu, lakini naona kinyume. Bunduki iliyo kwenye kioo cha makumbusho inaonyesha nguvu. Kifuniko kinaonyesha mtu aliyekaa mvuani, aliyefunga kamba kwa vidole vya baridi, aliyeandika namba yake ili kisichukuliwe na mwenzake. Kinaonyesha pia mikono ya wanawake na wanaume wa viwandani, London, Kanpur au Beijing, ambao hawakuijua Kyaka wala Kaboya. Mtoto wa shule ya Muleba akikishika ataielewa vita ya 1978 kwa njia ambayo tarehe ubaoni haimpi.

Ninachokiomba kinawezekana. Bukoba ina makumbusho yake, Kagera ina vyuo vya ufundi stadi vinavyofundisha ushonaji, na mafundi wa turubai wazee bado wapo barabarani na shazia zao. Wakutanishwe. Kijana ajifunze kupaka uzi nta, kuhesabu mtande, kupima mtutu usiokuwapo, na kujizuia asikifanye cha zamani kuwa kipya. Na familia zenye kipande zianze leo na lililo dogo: kata utepe wa marekani, andika kilikotoka, nani alikileta na mwaka anaoukumbuka bibi, kisha ushone kwa mishono miwili mepesi kwenye pindo, usibandike kwa gundi. Tumia penseli. Wino hutawanyika kwa maji, na kwetu mvua haikawii.